Upande Mmoja wa Uso wa Ugbad

Maiti ilikuwa imelala kitini kama mteja.

Ndivyo Inspekta Selpha Nelima alivyoikuta alipopita chini ya pazia la chumba cha Ugbad, mjini Kitengela, saa mbili na nusu asubuhi, Jumatano moja ya Julai 2006. Kiti kilikuwa cha kulaza mgongo, kimeshonwa ngozi nyeusi. Mikono ya Ugbad mwenyewe ilikuwa imekunjwa tumboni, macho yamefumbwa, kitambaa cheupe kimefungwa kichwani kuzuia nywele. Taulo la bluu lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya meza.

"Ni kama amelala tu, afande," akasema Sajini Katoo.

Nelima alikuwa akiutazama uso.

Shavu la kulia lilikuwa nyororo, linang'aa kwenye mwanga wa dirisha. La kushoto lilikuwa bado na malaika, zile nywele laini ambazo huzioni mpaka jua lizipitie kwa ubavu. Mpaka kati ya pande hizo mbili uliteremka kutoka paji la uso hadi kidevuni, umenyooka kana kwamba umepigwa rula. Mtu alikuwa ameifanya kazi nusu, kisha akaacha.

Kazi hiyo ndiyo iliyompa Ugbad jina. Wanawake walimjia kutoka Isinya, Kajiado na hata Namanga ili awakwangue nyuso. Alikuwa akimlaza mtu, anamsafisha na spiriti, anamkausha, anampaka unga mwepesi. Kisha anaivuta ngozi kwa vidole viwili na kupitisha kijisu cha wembe, kile chenye mpini kama wa kisu cha daktari wa upasuaji, kwa mikwaruzo mifupi isiyouma. Ngozi iliyokufa ilitoka pamoja na malaika, nyeupe kama vumbi la chaki. Mwalimu aliyechoshwa na jua na mfanyakazi wa kiwandani aliyejaa vumbi la saruji walitoka pale na nyuso za watoto.

Aliyeikuta maiti alikuwa msichana anayejifunza kazi. Alikuwa amesimama nje, amejifunika leso mabegani.

"Jina?"

"Mumbi Joram."

"Miaka?"

"Kumi na tisa, madam."

"Kwenu ni wapi?"

"Entarara, kule Loitokitok. Nimekaa na yeye miaka mbili. Nilikuwa nalala kwake."

"Jana ulitoka hapa saa ngapi?"

"Saa kumi. Nilienda kwa rafiki yangu, nikalala huko. Yeye alibaki peke yake."

"Na uso wake ulikwanguliwa na nani?"

Mumbi aliangalia chini. "Saa zingine anajifanyia mwenyewe."

Nelima aliandika. Hakuwa mtu wa haraka. Upelelezi wake aliusomea mwenyewe, kwenye mafaili ya zamani ya vituo alivyohamishiwa, na jambo moja alilolipata humo ni kwamba kesi nyingi huharibika siku ya kwanza, pale mtu anapoamini kitu kwa sababu tu amekisikia mapema.

Mwenye duka la vitambaa la jirani aliitwa Khadijo. Yeye alikuwa na mengi.

"Mumewe, Keynan, yule wa ng'ombe, aligombana naye Jumapili jioni. Ukuta ni wa mabati, utaziba masikio na nini? Alimwambia, 'Ukifanya hivyo utakufa.' Nimesikia na haya masikio yangu."

"Akifanya nini?"

"Hiyo sikusikia. Na jana saa kumi na moja nilimwona hapa mlangoni. Akabisha, akangoja, akaenda."

Kufikia saa sita mchana Keynan alikuwa seli. Mkuu wa kituo aliridhika kabisa. "Ana kisa na alionekana hapa. Ijumaa tunampeleka korti ya Kajiado. Kosa ni mauaji. Unataka nini tena, Inspekta?"

"Nataka nusu ya uso, bwana."

"Nusu gani?"

"Ile iliyokwanguliwa."

Mkuu alimtazama kama anayetazama mtu mwenye homa, akarudi kwenye simu yake.

*

Keynan aliletwa akiwa peku. Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka hamsini, ndevu zimepakwa hina, na alikaa wima kama yuko mbele ya wazee wa ukoo.

"Ulimwambia mkeo atakufa?"

"Nilimwambia."

"Kwa nini?"

"Ni mambo ya nyumba."

"Keynan, hili si jambo la nyumba tena. Unajua adhabu ya mauaji?"

"Kitanzi."

"Basi niambie. Alitaka kufanya nini?"

Mzee aligeukia dirisha. Nje, wazee wengine wanne walikuwa wamekaa chini ya ukuta tangu adhuhuri, wakingoja ruhusa ya kuzika. Dini yao haipendi maiti ilale.

"Uliingia ndani jana?"

"Mlango ulikuwa umefungwa. Nilibisha mara tatu. Nikajua ana kazi, nikaenda."

"Ulimuua?"

Ndipo macho yake yalipolowa, ingawa sauti haikubadilika. "Mama, nimeishi na yeye miaka ishirini na mbili. Hakunizalia mtoto na sikuoa mwingine. Andika hiyo."

Nelima aliiandika. Alipokuwa akitoka Katoo alimfuata koridoni.

"Afande, mimi niko na swali. Huyu mzee anaweza kuchuna mbuzi, hata ng'ombe. Lakini ile kazi ya shavu? Hakuna hata mkato mmoja."

"Na mimi nimeliona hilo."

"Basi alijikwangua mwenyewe, kama msichana alivyosema."

"Kioo kiko wapi?"

Katoo alifikiri. "Kimetundikwa mlangoni."

"Nyuma ya kiti. Na lile vumbi jeupe lilianguka nyuma ya sikio, juu ya kile kitambaa. Angekuwa ameketi, lingeanguka kifuani. Alikuwa amelala, Katoo. Alilala mbele ya mtu, macho yamefumbwa, na mtu huyo alikuwa na wembe."

Usiku ule Nelima alipopiga mswaki aliinua mkono akafunika nusu ya uso wake kwenye kioo. Akafunika nusu ya pili. Kisha akazima taa, kwa sababu ule uso wa kitini ulikuwa umeanza kumtazama kutoka humo kiooni.

*

Alhamisi asubuhi waliteremka Kajiado. Daktari Lesiamon alikuwa amemaliza upasuaji wa maiti, ananawa.

"Alikufa kwa kukosa hewa. Kuna nyuzi za bluu puani na mdomoni. Ni lile taulo. Kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni."

"Alipigana?"

Daktari alifunga mfereji. Alikuwa mtu wa kupima maneno. "Hapo ndipo nimekwama. Mtu hata awe usingizini, hewa ikikatika mikono huamka yenyewe. Huparua na kuvuta. Kwa kawaida chini ya kucha nakuta ngozi ya muuaji."

"Na yeye?"

"Nimekuta sponji, Inspekta. Alikuwa ameshika mikono ya kiti mpaka kucha zikapasua ngozi ya kiti. Alishika kiti, hakumshika mtu. Mikono iliwekwa tumboni baadaye."

"Maana yake nini?"

"Mimi naandika nilichoona. Maana ni kazi yako."

Akampa picha za uso, zilizopigwa kwa karibu. Nelima alizibeba hadi kwenye saluni moja nyuma ya soko, ya mwanamke wa Kimaasai aitwaye Nashipae, ambaye naye alikwangua nyuso.

"Takwenya," Katoo akamwamkia kwa Kimaasai.

"Iko," akaitika Nashipae. Alimtazama Katoo juu mpaka chini. "Huyo na hiyo ndevu amekuja kwangu ama kwa kinyozi?"

"Mimi nimesindikiza tu, dada."

Nashipae alizipeleka picha dirishani. Alizitazama moja baada ya moja, na uso wake ukapoa.

"Huyu ni Ugbad, sivyo? Mungu amrehemu. Aliyefanya hii kazi ni fundi. Ona huku taya, ni kugumu na hajakata mahali. Lakini ameacha hapa."

"Wapi?"

"Hapa pembeni ya pua, mpaka juu ya mdomo. Upana wa kidole gumba hivi. Malaika bado ziko. Mimi siwezi kuacha hapo, mteja atanirudia. Hapo ndipo wanapopataka zaidi."

"Huenda hakuwa amefika?"

"Alifika. Angalia, amezunguka. Ameenda mpaka ukingoni, akaruka, akaendelea chini. Amepakwepa makusudi."

Waliporudi Kitengela Nelima alipitia kwa Khadijo. Hakumwuliza kitu kwanza. Alimwomba tu asimame mlangoni, jua limpige ubavuni.

"Unaniangalia kama unaninunua," Khadijo akasema.

"Ugbad alikukwangua lini mara ya mwisho?"

"Ijumaa iliyopita."

Pembeni ya pua ya Khadijo malaika zilikuwa zimejaa, upana wa kidole gumba.

"Hapa hakugusa."

"Hajawahi kugusa. Miaka mitatu namwomba, 'Ugbad, hapa na hapa.' Anakataa. Hata bibi arusi alimkatalia. Na hakuna aliyeambiwa kwa nini."

"Kwa hivyo ni alama ya mkono wake."

"Ya mkono wake tu. Wengine wote hupapitia."

Nelima alisimama pale barazani kitambo. Mkono wa Ugbad ulikuwa umemkwangua Ugbad, na Ugbad hangeweza kujikwangua. Basi ulikuwa mkono uliofundishwa naye. Katika miaka yake yote Kitengela alikuwa amefundisha mtu mmoja tu.

"Tukamshike?" Katoo akauliza.

"Kwa kosa gani? La kuruka pua?"

"Na mzee wa watu anapelekwa kesho."

"Najua. Mlete pale chumbani. Wewe ukae nje ya pazia, usiingie nisipokuita."

*

Mumbi alikuta Inspekta ameshalala kitini, kofia yake ya polisi iko mezani, kitambaa cheupe kichwani.

"Nataka nione hii kazi inafanywaje," Nelima akasema. "Nifanyie."

"Madam, hapa? Kwa hiki kiti?"

"Hapa."

Msichana alisimama muda mrefu. Kisha mazoea yakamshinda. Alinawa. Alifungua kijisu kipya kutoka kwenye karatasi yake, maana sheria ya chumba kile ilikuwa wembe mmoja uso mmoja. Spiriti ilikuwa baridi. Unga ulinukia majani ya qasil, yale Wasomali wanayojisugulia usoni.

Nelima alifumba macho.

Ncha ya wembe ilianza chini ya sikio la kulia. Haikuuma. Ilisikika zaidi kuliko ilivyohisika, kama mtu anayekwaruza karatasi chumba cha pili. Vidole viwili viliivuta ngozi, wembe ukapita, vidole vikahama. Nelima alihesabu pumzi zake mwenyewe. Wembe ulipanda shavuni, ukakaribia pua.

Ukasimama. Ukainuka. Ukatua chini zaidi, karibu na kidevu.

"Mumbi," akasema bila kufumbua macho. "Mbona umeruka hapo?"

Wembe ulitulia kidevuni. Nje, Katoo alikohoa kidogo.

"Ni vile nilifunzwa."

"Alikuambia kwa nini?"

Vidole viwili viliiachia ngozi.

"Alikuambia lini, Mumbi? Jumanne, ukiwa umesimama hapo uliposimama?"

Wembe uliondoka usoni. Nelima alisikia mpini ukiwekwa mezani, polepole, na ndipo alipofumbua macho. Msichana alikuwa amekaa kwenye kibao, mikono ikiwa katikati ya magoti.

"Si lazima useme neno," Nelima akamwambia akiinuka. "Utakachosema kinaweza kutumiwa kortini, na ukitaka kukisema tena utakisemea mbele ya hakimu. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Unataka kungoja?"

"Nimengoja siku mbili. Silali." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Alisema nimeiva. Alisema kabla nianze kushika wateja peke yangu, nimkwangue yeye kwanza. Hajawahi kulala hapo hata siku moja. Nikafunga mlango, nikaanza. Nikamaliza huu upande. Nilipofika hapa pua nikauliza tu, kama wewe. Mama Ugbad, kwa nini hapa tunaruka?"

"Akasema?"

"Akasema hapo ndipo aliua mtu."

Mumbi alisimulia bila kupandisha sauti. Mwaka wa tisini na nane Ugbad alikuwa na kibanda Loitokitok, hajui kazi vizuri. Wiki moja kabla ya Krismasi alikuja bibi arusi kutoka Entarara. Alikuwa na kipele pembeni ya pua, na alitaka kiondoke kabla ya harusi. Ugbad alikipitia na wembe aliokuwa amewakwangua nao wanawake wawili siku hiyo. Damu ikatoka kidogo. Siku ya tatu uso ukavimba. Siku ya tisa msichana akafa. Daktari mmoja alikuja kumweleza Ugbad baadaye kwamba uchafu wa hapo hauendi mahali pengine, unapanda moja kwa moja kwa ubongo.

"Alikuwa anaongea akifumba macho," Mumbi akasema. "Pole pole, kama mwalimu. Mimi nimesimama na wembe. Na huyo bibi arusi ni dada yangu, madam. Ni Shiro. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilikuwa nampepea nzi kwa jicho, lilikuwa limetoka nje hivi. Mama akasema amerogwa na shangazi yetu Wambura. Tulimfukuza shangazi. Nyumba yake ikachomwa. Mpaka leo hatujui ako wapi. Na huyu ndiye alikuwa ananipikia chai kila asubuhi."

"Ukafanya nini?"

"Niliweka wembe chini. Sikutaka damu. Nikachukua taulo." Aliitazama mikono yake. "Hakunishika, madam. Hiyo ndiyo sielewi. Alishika kiti. Nilikuwa nangoja anitoe mikono, nikasema akinishika tu nitaacha. Hakunishika."

Nelima aliandika. Kuna mambo ambayo mpelelezi huyaandika bila kuinua macho.

"Nikamkunja mikono. Nilitaka nimalize upande wa pili, asiachwe hivyo. Nikashindwa." Kisha akauliza, "Unadhani alijua mimi ni nani?"

"Sijui," akajibu Nelima, na hiyo ilikuwa kweli.

*

Keynan alitolewa saa kumi na moja jioni. Wazee wanne walisimama wote kwa pamoja. Alivaa viatu vyake kaunta, akavifunga kamba taratibu. Nelima alimweleza kwa maneno machache.

Mzee aliinamisha kichwa. "Basi alimwambia."

"Ulijua?"

"Jumapili alikuta picha kwa Biblia ya yule mtoto. Picha ya yule bibi arusi wa Loitokitok. Miaka nane ule uso haukumtoka. Alikuwa anaamka usiku kunawa mikono. Akaniambia, 'Keynan, ni dada yake. Mungu ameniletea mpaka nyumbani. Nitamwambia.' Nikamwambia ukifanya hivyo utakufa. Akasema, 'Nitalala chini, nimpe wembe, nimwambie. Aamue yeye.'"

"Na ungenyongwa na hilo tumboni?"

"Aliniapisha kwa Kitabu. Kesho mbele ya hakimu labda ningesema. Labda nisingesema." Alisimama. "Mimi pia sijui mimi ni mtu gani, mama. Sasa naomba maiti yangu."

Nelima alimtilia sahihi ya ruhusa. Aliwatazama wakiondoka hadi gari lao likapotea nyuma ya malori ya barabara kuu. Angeweza kwenda nyumbani. Taarifa ilikuwa imekamilika. Muuaji, njia na sababu vilikuwa vimeandikwa, na hakuna hakimu ambaye angemwuliza zaidi. Alikaa mezani akikizungusha kikombe kitupu. Mwishowe akachukua funguo.

Mumbi alikuwa amekaa sakafuni kwenye seli ya wanawake, mgongo ukutani. Alipoona ni nani, alisogea kumpa nafasi, kama mtu aliyetembelewa nyumbani.

"Uliniuliza swali," Nelima akasema. "Alijua."

Msichana alimtazama.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili."

Mumbi alianza kuzihesabu siku. Nelima aliona midomo ikitaja Jumapili, halafu Jumatatu, halafu ikaganda.

"Jumatatu alinipeleka soko," akasema. "Alininunulia viatu. Nikamuuliza ni vya nini, na vyangu viko sawa. Akasema nivae tu, nimtembelee mama."

Aliitazama miguu yake mitupu juu ya saruji. Viatu vilikuwa kaunta, pamoja na mshipi na leso, kama sheria ya kituo inavyotaka. Nelima alienda akavichukua. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi, soli bado safi. Alivipitisha katikati ya vyuma, na Mumbi akavipokea kwa mikono miwili, akaviweka sakafuni kando yake, jozi sawa, asivivae.